Julai 25 kijijini: mwongozo wa kuandaa kumbukumbu ya mashujaa Mtwara na Lindi, kuanzia kwenye daftari la majina

Tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa. Kwenye runinga utaona gwaride, utasikia mizinga na tarumbeta, utamwona Rais akiweka mkuki na ngao kwenye mnara. Kisha runinga inazimwa, watu wanarudi kwenye mikorosho, na ile nyumba ya tatu kutoka msikitini, ambayo kijana wake alivuka Ruvuma asirudi, inabaki kama ilivyokuwa jana. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya nyumba ya namna hiyo. Ni wa kijiji, mtaa, shule au ukoo unaotaka kufanya kumbukumbu yake wenyewe huku kusini, bila bendi na bila fedha nyingi.

Mambo mengi nitakayokuonya nayo niliyafanya mwenyewe. Mwaka wa kwanza tulianza na jukwaa. Tulikodi turubai na spika, tukahangaika na mgeni rasmi, majina ya marehemu tukayakumbuka zikiwa zimebaki siku mbili. Tulisoma majina sita. Bibi mmoja aliyekaa nyuma alisimama katikati ya usomaji, akajifunga khanga yake vizuri, akaondoka. Jioni tulipomfuata kumpa pole akatuuliza pole ya nini, maana kaka yake tuliyemsoma kwenye orodha ya waliokufa yuko Dar es Salaam, na wiki ile ile alikuwa amempigia simu.

Kwa hiyo anza na majina. Jukwaa litafuata.

Kwanza, amueni mnamkumbuka nani

Swali hili linaonekana jepesi mpaka kamati ikae. Kusini kumepita vita vingi, na kila kijiji kina chake.

Ukiwa upande wa Kilwa, wazee wataanza na Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1895 pale Kilwa Kivinje, panapoitwa Mwembe Kinyonga. Ukipanda milima ya Wamatumbi, hapana ubishi: Nandete ndiko wakulima walikong'oa pamba Julai 1905, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya vita hivyo, alinyongwa tarehe 4 Agosti mwaka huo huo. Kumbukumbu ya Nandete inaangukia mwezi uleule wa Siku ya Mashujaa, na vijiji vya huko vina haki ya kuiweka mbele.

Ukiwa Nyangao, Mahiwa au Mtama, chini ya miguu yako kuna vita vingine kabisa. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917, majeshi ya Uingereza na ya Ujerumani yalipigana Mahiwa, na upande wa Waingereza peke yake ulipoteza watu zaidi ya 2,000 kwa kufa, kujeruhiwa na kupotea. Wengi waliopigana pale walikuwa Waafrika: askari wa Kinijeria na wa King's African Rifles upande mmoja, askari weusi wa Mjerumani upande wa pili. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji na watu wake. Nyuma ya majeshi yote mawili walikuwepo wapagazi, wanaume waliochukuliwa mashambani kubeba masanduku ya risasi na magunia ya unga, wakafa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps.

Mpakani, kuanzia Mtwara Vijijini na Tandahimba hadi Newala na Nanyumbu, vita wanavyovikumbuka watu walio hai ni vya ukombozi wa Msumbiji. FRELIMO walianza mapambano ya silaha tarehe 25 Septemba 1964, na uhuru ukapatikana tarehe 25 Juni 1975. Nachingwea ilikuwa kambi yao kuu ya mafunzo, Samora Machel akiwa hapo. Wanajeshi wetu waliolinda mpaka na kusaidia mapambano walikufa, na baadhi yao wamelala kwenye makaburi ya mashujaa ya Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Walikufa pia raia, waliokanyaga mabomu ya kutegwa ardhini wakienda kuteka maji au kulima bondeni.

Halafu kuna Kagera, 1978 hadi 1979, ambako vijana wa kusini walisafiri nchi nzima kwenda kupigana. Na kuna walinda amani: saba waliouawa Darfur tarehe 13 Julai 2013, na wale wa Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017.

Ushauri wangu: msijaribu kuwakumbuka wote kwa uzito mmoja. Chagueni vita viwili vilivyogusa kijiji chenu zaidi, hivyo vitafutiwe majina. Vingine vitajwe kwa heshima katika dua. Na raia waliokufa wapewe sehemu yao wenyewe kwenye orodha, wasichanganywe na askari, wala wasiachwe.

Kuna jambo litakalozua mabishano, bora mlimalize mapema. Mababu zetu walikuwa pande zote. Yupo ambaye babu yake alikunywa maji ya Kinjikitile, na yupo ambaye babu yake alivaa kofia ya Mjerumani akaenda kumpiga yule wa kwanza. Leo wajukuu wao wameoana. Sisi tulikubaliana hivi: katika vita vya 1914 hadi 1918 tunawataja wote waliotoka kijijini, bila kujali walimbebea nani mzigo, kwa sababu wengi hawakuulizwa. Katika Maji Maji tunawataja waliopinga ukoloni. Kijiji chenu kinaweza kuamua vingine, ila kiamue kabla ya siku yenyewe.

Pili, daftari

Hapa ndipo kazi ilipo. Anzeni mwezi wa tano. Watu watatu wanatosha: kijana mwenye mwandiko mzuri, mama anayeingia kila nyumba, na mzee anayeheshimika. Nunueni kaunta buku, lile lenye jalada gumu, na kalamu ya wino.

Kabla ya kubisha hodi ya kwanza, elewa tatizo la majina ya huku. Mwanamume wa kizazi kile alikuwa na jina alilopewa akizaliwa, akapata jingine alipotoka jandoni, akapata la tatu aliposilimu au kubatizwa, na alipofika kituo cha kuandikishwa jeshi karani akaandika alichosikia. Nimeona ndugu wawili, mama mmoja na baba mmoja, waliotumikia jeshi kwa majina ya ukoo tofauti. Ukienda kwa wanajeshi wastaafu na jina la nyumbani hawamjui. Ukienda nyumbani na jina la jeshini wanakwambia huyo si wa hapa. Kwa hiyo kila mtu apewe ukurasa mzima, na uandikwe: jina la utoto, jina la jandoni, jina la dini, jina la jeshini na namba kama ipo, jina la mama yake, ukoo, kitongoji alikozaliwa, mwaka alioondoka, habari za mwisho zilizofika nyumbani, aliyetueleza, na aliyethibitisha.

Jina la mama lisirukwe. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na kumbukumbu ya mtu inakaa huko. Kuna askari ambaye tulimtafuta kwa watoto wa baba yake kwa wiki tatu tukapata nusu ya habari. Tulipokwenda kwa mjomba wake, au tuseme kwa mpwa aliyeachiwa nafasi ya mjomba, tukakuta picha, barua mbili, na kadi iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la bati. Anza kwa wajomba, utaokoa viatu.

Miaka nayo ina ufundi wake. Ukimuuliza bibi wa miaka 80 na kitu kaka yake aliondoka mwaka gani, atakujibu "zamani". Muulize kwa matukio. Alizaliwa kabla ya kimbunga cha 1952 au baada? Wakati wa mradi wa karanga Nachingwea alikuwa anatambaa au anachunga mbuzi? Aliondoka kabla hatujahamia kijijini, au baada ya operesheni vijiji? Alikuwepo Msumbiji wanapata uhuru? Maswali manne ya namna hiyo yatakuweka karibu na mwaka wenyewe, na bibi atafurahi kuulizwa jambo analolijua.

Kila jina lithibitishwe na watu wawili wa nyumba mbili tofauti. Mtu mmoja asipopata wa kumuunga mkono, jina liandikwe kwa penseli lisubiri mwakani. Sheria hii ingetuokoa na yule bibi wa khanga.

Sasa lile gumu. Wapo ambao hakuna aliyeleta taarifa kwamba wamekufa. Walikwenda, basi. Kuna familia ambazo hazikuweka matanga hata leo, kwa sababu kuweka matanga ni kumuua. Usiandike "marehemu" mbele ya jina la mtu huyo bila ruhusa ya nyumbani. Sisi tunaandika na kusoma hivi: "Aliondoka, hajarudi." Maneno hayo tumepewa na dada wa mmoja wao, na tangu hapo hayajawahi kukataliwa na familia yoyote.

Kwa nyaraka za jeshi, mlango wenu ni Mshauri wa Mgambo wa wilaya. Huyu ni ofisa wa JWTZ na anajua barua iende wapi. Mpelekeeni orodha yenye majina yote ya kila mtu na mwaka wa kuandikishwa. Msitegemee jibu ndani ya mwezi, na majibu yasipofika kumbukumbu isisimame. Wanajeshi wastaafu wa wilayani watakusaidia haraka zaidi, hasa ukijua kombania au operesheni ya mtu wako.

Na wale wa 1917? Majina yao mengi hayakuandikwa na yeyote. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi, ikikiri kwamba maelfu ya askari na wapagazi wa Afrika na Asia hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa Wazungu. Usibuni majina ili kujaza pengo. Tajeni koo na vitongoji walikotoka: "wanaume wa ukoo fulani waliochukuliwa wakati wa vita vya Mjerumani." Mzee wa ukoo asimame inapotajwa. Inatosha, na ukiiona ikifanyika utashangaa watu wanavyokaa kimya.

Tatu, kukaa na mzee wa vita

Wakati wa kukusanya majina utakutana na waliorudi. Wengi sasa wana miaka 70 na kuendelea. Wanastahili zaidi ya kuwekwa mstari wa mbele na kuambiwa wapunge mkono.

Nenda mchana baada ya swala au baada ya chakula, usiende asubuhi ya kupulizia mikorosho salfa. Usiende na watu sita. Piga shikamoo, kaa, kubali ulichokaribishwa hata kama ni maji tu, zungumzeni habari za mvua na bei ya korosho. Atakapokuwa tayari atakuuliza mwenyewe umekuja kwa lipi. Ukianza na daftari wazi mapajani atakujibu kama anavyomjibu karani wa sensa.

Usimuulize aliua wangapi. Vijana wanalipenda swali hilo, na nimeona mzee akiinuka na kuingia ndani kwa ajili yake. Muulize alikuwa na nani. Nani alilala karibu naye handakini, nani alikuwa mchekeshaji, walikula nini, walivuka mto kwa kutumia nini, viatu viliisha lini. Ukimuuliza kuhusu wenzake, vifo vitakuja vyenyewe, na vitakuja na majina, ambayo ndiyo uliyofuata. Akinyamaza, nyamaza naye. Usijaze ukimya kwa kusema "pole sana babu" kila sekunde.

Ukitaka kurekodi kwa simu, omba kwanza na umweleze sauti itakwenda wapi. Kuna mambo ya kijeshi asiyotakiwa kuyasema na anayajua. Akikwambia "hilo liache", liache. Na kabla ya kuondoka mwulize: siku hiyo angependa kusema mbele za watu, au angependa mtu mwingine aseme kwa niaba yake, au angependa kukaa tu? Yote matatu ni sawa. Mmoja wetu kila mwaka anachagua kukaa tu, na hakuna anayefika mapema kumzidi.

Nne, barua na ruhusa

Hili lipite haraka. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wajue tangu siku ya kwanza. Jambo lipite kwenye mkutano wa kijiji ili lisionekane la kundi fulani au la chama fulani. Mtendaji wa kata na ofisi ya Mkuu wa Wilaya wapewe barua, na polisi wapewe taarifa ya mkusanyiko si chini ya saa 48 kabla. Uliza mapema ratiba ya mkoa au wilaya ya siku ile, maana wazee wenu wanaweza kuwa wamealikwa huko. Zikigongana, fanyeni ya kwenu tarehe 24 jioni.

Julai 25 haimo kwenye orodha ya sikukuu za mapumziko. Shule zimefunguliwa, ofisi zinafanya kazi, na wakulima wako kwenye mikorosho alfajiri, kabla upepo haujaamka. Panga saa 4 asubuhi. Ukipanga saa 2 utapata viti na watoto.

Mkitaka kutembelea makaburi ya Naliendele kama kikundi, ombeni kwa barua kupitia wilaya na msubiri jibu. Ni makaburi ya jeshi. Msifike na basi mkaanza kupiga picha getini.

Tano, makaburi na mnara

Fanyeni usafi wiki moja kabla, si siku yenyewe. Kama kaburi lina maandishi, lipigeni picha kabla ya kuligusa, kwa sababu herufi zilizolegea huondoka na maji. Tumieni maji na brashi laini. Tindikali na brashi ya waya vinakula saruji. Chokaa ipakwe kwenye saruji tu, na pale familia iliporuhusu. Makaburi ya zamani ya matumbawe yaacheni na rangi yake.

Nyasi zikatwe kwa fyekeo, zisichomwe. Kusi la Julai halimjui mwenye shamba, na mwali mmoja ukiingia kwenye mikorosho ya jirani kumbukumbu yenu itaishia baraza la kata.

Mkiwa karibu na mpaka, au mahali palipokuwa na kambi, na jembe likagonga chuma msichokijua, simameni hapo hapo. Msikivute wala kukirushia jiwe, na msiwatume watoto wakakiangalie. Rudini kwa nyayo mlizojia, wekeni alama mbali, ripotini polisi au jeshini. Chuma cha vita hakizeeki kama sisi.

Sita, siku yenyewe

Kitaifa kuna utaratibu unaojulikana. Mwenge wa mashujaa huwashwa saa 6 usiku wa kuamkia tarehe 25. Asubuhi mzinga wa kwanza huanzisha ukimya na wa pili huumaliza. Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mishale, na mwakilishi wa wapiganaji wastaafu shoka. Kisha viongozi wa dini huomba.

Msijaribu kuiga yote hayo. Nimewahi kuona kijiji kikigombana kwa siku nne nani ashike mkuki. Chukueni vitu vitatu: ukimya, majina, dua.

Mkesha, tunawasha kandili moja mbele ya ubao wa majina, ndani ya ofisi ya kijiji, na watu wawili wanakaa nayo kwa zamu. Ubao ni plaiwudi iliyopakwa rangi, majina yameandikwa kwa mkono. Watu hupita usiku ule kuja kusoma. Mama mmoja asiyejua kusoma huja kila mwaka akaomba aonyeshwe jina liko wapi, akaligusa, akarudi kulala.

Asubuhi, wazee wa vita na familia zilizofiwa wafuatwe nyumbani. Bajaji moja ikizunguka tangu saa 2 inatosha kijiji kizima. Wakae kivulini, viti vyenye mgongo, maji karibu. Mgeni rasmi, kama yupo, akae pembeni yao, wao wawe katikati. Hili liandikeni kwenye barua ya mwaliko ili asishangae.

Bendera ya taifa ipeperuke kama kawaida. Kuishusha nusu mlingoti ni amri ya serikali, haifanywi na kamati ya kijiji.

Ukimya unahitaji ishara ya kuanza na ya kumaliza. Kwetu ni ngoma moja kubwa: pigo moja, dakika moja, pigo moja. Mpigaji awe na saa, maana bila saa dakika ya kijijini ni sekunde 20. Fataki na baruti zikatazwe kabisa, hata za watoto wa jirani. Mzee aliyekaa handakini hahitaji kumbukumbu ya namna hiyo.

Majina yasomwe na watu wawili wanaopokezana, mwanamke na mwanamume, waliofanya mazoezi mbele ya familia. Soma jina lote, la nyumbani na la jeshini, kitongoji, kisha vuta pumzi. Majina 20 yachukue dakika tano au sita. Familia ikisikia jina lake isimame na ibaki imesimama. Ukifika jina la 15 nusu ya uwanja wamesimama, na hapo hotuba haina la kuongeza. Ndiyo maana tunaiweka hotuba kabla ya majina, na tunampa mzungumzaji dakika saba. Akizidisha, mpiga ngoma anajua la kufanya.

Vilio vitatoka. Waacheni walie. Na watani nao watafanya kazi yao, hapa kwetu hapakosi mtani wa kusema kwamba marehemu alikuwa mwoga hata wa kuku, sijui huko vitani alifikaje. Mgeni kutoka nje ya mikoa yetu anaweza kushtuka. Mnong'oneze kwamba huyo ana haki yake, na kwamba familia ingeshtuka zaidi kama asingesema.

Dua na sala zifuatane bila kugombania nani awe wa kwanza. Sisi tunabadilishana kila mwaka. Kila upande dakika tano. Hitma ndefu au misa ifanywe Ijumaa au Jumapili ya karibu. Maua yawe ya uani, bogonvilia huchanua vizuri kiangazi. Maua ya plastiki hufubaa kwa miezi miwili, halafu hakuna anayethubutu kuyaondoa.

Chakula kiwe kimoja kwa wote. Kama ni ugali wa muhogo na samaki, mgeni rasmi naye ale ugali wa muhogo na samaki. Gharama yake ipigwe mapema: kila kaya itoe kilo ya unga au fedha yake, sufuria na majamvi yatoke msikitini na kanisani. Na familia zilizofiwa zisichangishwe. Katibu wetu aliwahi kumgongea mjane mlango akidai mchango wa kumbukumbu ya mumewe. Tulikwenda kumwomba radhi wanane.

Saba, watoto wa shule

Wasivalishwe mabaka. Kuvaa sare za JWTZ au zinazofanana nazo bila kuwa mwanajeshi ni kosa, na mwaka 2023 jeshi liliwapa raia siku saba kuzisalimisha. Mwalimu anayeshona suruali za mabaka kwa ajili ya halaiki anawatafutia wazazi matatizo. Bunduki za miti nazo ziachwe.

Ngonjera inafaa, ikiwa watoto wameitunga kutokana na daftari. Ile iliyozoeleka ya "enyi mashujaa mlimwaga damu" wanaikariri bila kujua ni damu ya nani. Gawa kila mtoto wa darasa la sita au la saba jina moja, aende kwa familia ile na maswali matatu: alipenda kula nini, alikuwa na kazi gani kabla hajaondoka, nani alimsindikiza. Mtoto mmoja aliturudia na jibu kwamba marehemu alipenda ming'oko, vile viazi vya porini, na alikuwa hodari wa kupanda minazi. Tumelisoma hilo kila mwaka pamoja na jina lake.

Nane, kesho yake

Viti na sufuria virudi vilikotoka. Wazee warudishwe nyumbani siku ile ile kabla jua halijatua, kwa bajaji ile ile, na mtu afike mpaka mlangoni. Ndani ya wiki kamati ikae mara moja kusahihisha. Watu watakuja na masahihisho: huyu hakuwa wa ukoo huu, yule alikufa Kagera si Msumbiji, na mbona hamkumtaja fulani. Yaandikeni yote kwa penseli, na yafuateni kwa ile sheria ya nyumba mbili.

Daftari linakiliwe kwa mkono liwe mawili: moja ofisi ya kijiji, jingine shuleni au kwa imamu au padri. Kila ukurasa upigwe picha kwa simu, picha zitunzwe na watu watatu wasioishi nyumba moja. Mchwa wa huku hawachagui, na simu huanguka majini. Mtendaji akihamishwa, makabidhiano ya ofisi yalitaje daftari kwa jina.

La kwetu lina kurasa 41 zenye wino na sita zenye penseli. Mwezi wa tano tutakwenda tena kwa yule bibi wa khanga, maana amesema kaka yake yule wa Dar es Salaam anakuja likizo, na anawafahamu wawili kati ya wale sita wa penseli.